Majina ya "Eli" Chini ya Mlima Meru

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Nilipoanza kufundisha Kaloleni, mjini Arusha, nikitoka chuo cha ualimu, kila asubuhi niliita mahudhurio: Elibariki, Elisante, Elifuraha, Elikunda. Niliyadhania kuwa majina ya Biblia. Sivyo, hayamo humo.

Historia yake yafaa ikumbukwe. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Meru mwaka 1896; wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa Akeri mwaka huohuo. Misheni ilirejea mwaka 1902 na kuweka kituo Nkoaranga. Ubatizo ulileta majina ya Biblia, lakini Wameru, kama Wachaga na Wapare, hawakuishia kuazima, waliunda yao. Walitwaa El, neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu, lile lililomo katika Samueli na Danieli, wakaliunga na maneno waliyoyasema nyumbani. Bariki, furaha, neema na rehema ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokwisha kuwa Kiswahili. Kunda ni kupenda kwa Kichaga na Kipare. Hivyo Elirehema ni Kiebrania na Kiarabu, lugha za ukoo mmoja, zilizokutana katika kinywa cha Mbantu.

Baada ya jina hilo hufuata la baba, kisha la ukoo: Kaaya, Mbise, Pallangyo au Nnko. Kwa Mwarusha huenda likawa Mollel au Laizer. Mtu akijitaja, ametaja imani, mzazi na asili yake.

Mimi nililivunja moja. Mwaka mmoja nilinakili orodha ya watahiniwa, nikaandika "Eli Rehema", maneno mawili. Aliyenakili baada yangu aliona Eli haina maana, akaiacha. Mvulana wangu akatoka na cheti cha Rehema, jina ambalo kwetu ni la msichana. Baba yake alikwenda ofisi hadi ofisi kwa miezi mingi akithibitisha kwamba mwanawe ndiye mwanawe. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwalimu, ulimwondoa Mungu, ukabakiza rehema."

Tangu siku hiyo sikuandika jina la mtoto kabla ya kumuuliza maana yake. Nanyi mnaoandika daftari, vyeti na vitambulisho, ulizeni kwanza. Herufi mnayoiona ya ziada huenda ndiyo iliyobeba sala ya mama.