Jeni ya VDR na saratani ya matiti kwa wanawake wa China

Jeni ya VDR, iliyoko kwenye kromosomu ya 12, hubeba maelekezo ya kuunda kipokezi cha vitamini D, protini inayoiwezesha vitamini hiyo kudhibiti ukuaji wa seli, zikiwemo za matiti. Badiliko liitwalo FokI ndilo linalovutia zaidi: tofauti ya herufi moja tu ya jeni hufupisha kipokezi kutoka asidi amino 427 hadi 424, na hicho kifupi ndicho chenye nguvu zaidi kikazi. Badiliko la BsmI, la kawaida Ulaya, ni adimu kwa Wachina, hivyo matokeo ya Ulaya hayafai kuhamishiwa China yalivyo. Tafiti kuhusu uhusiano wa VDR na saratani ya matiti zimetofautiana, na jeni hii pekee haitoshi kutabiri nani ataugua.