Seva inapogoma: Jinsi ya kutambua kifaa kilichoharibika

SEVA ni tarakilishi inayozihudumia nyingine. Ndiyo huhifadhi akiba za wanachama wa Sacco, rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi. Inapozimika, kazi ya afisi nzima husimama. Hata hivyo, aghalabu hasara kubwa haitokani na kifaa kilichoharibika, bali na pupa ya anayekitafuta.

Kwanza, andika kabla ya kugusa. Nakili ujumbe ulio kwenye skrini, rangi ya taa zinazomweka na idadi ya milio inayosikika mashine inapowashwa. Maana ya milio hiyo hutegemea mtengenezaji, hivyo sharti ilinganishwe na kitabu cha maelezo. Seva nyingi pia huweka daftari la matukio linaloonyesha kifaa kilichotatizika na saa ya tukio.

Pili, chunguza soketi, nyaya na UPS kabla ya kufungua kasha. Seva nyingi huwa na vipokezi viwili vya umeme ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Lakini vyote vikitegemea soketi moja, kinga hiyo haina maana.

Mashine inayowaka kisha kujizima baada ya dakika chache yamkini inashikwa na joto. Tazama kama feni imekwama au vumbi limeziba njia ya hewa. Inapendekezwa hewa inayoingia ndani ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi.

Ikiwa inajizima na kujiwasha ovyo, shuku pia vipande vya kumbukumbu. Zima mashine, chomoa nyaya za umeme, na uvae bangili ya kuondoa umeme tuli. Kisha jaribu vipande hivyo kwa zamu ukifuata mpangilio wa mtengenezaji. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hutajua ni kipi kilichokuwa na kasoro.

Hatari kubwa zaidi imo katika diski. Seva nyingi hutumia RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa uliofafanuliwa mnamo 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika RAID ya aina ya 5, mfumo huvumilia kufa kwa diski moja pekee. Fundi akikosea na kuchomoa diski nzuri badala ya ile mbovu, hifadhi yote huanguka. Kwa hivyo, linganisha nambari ya diski iliyo kwenye ripoti na ile iliyobandikwa kwenye kifaa, mara mbili, kabla ya kuigusa.

Wala usingoje dalili. Utafiti wa Google uliochapishwa mwaka wa 2007, uliohusisha zaidi ya diski 100,000, ulibaini kuwa zaidi ya nusu ya zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha hata moja ya ishara nne kuu za tahadhari.

Ndiposa RAID haiwezi kuchukua nafasi ya nakala ya akiba. RAID huiwezesha seva kuendelea na kazi diski inapokufa, lakini data ikifutwa kimakosa, hufutika kwenye diski zote. Weka nakala katika jengo jingine, na uijaribu mara kwa mara kuona kama inafunguka. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.