Risasi, kalibu na mafiga ya mama



Mwezi uliopita tulikuwa tunazunguka kwa nyumba za wandugu waliorudi, upande wa barabara ya Kabambare, kuangalia kama vyombo tulivyogawa vimefika. Kwa mama mmoja vilifika vyote. Lakini sufuria yake ya zamani ilikuwa na ukoko wa kijivu chini, unang'aa kama jicho la samaki. Tukauliza ni nini. Akacheka: «Hiyo njo baba yenu anapikia risasi. Nimeisugua na mchanga, sasa ni ya sombe.» Mtoto wake, ambaye hajafika hata miaka miwili, alikuwa anakokota mfuniko wa sufuria hiyo chini na kuulamba.

Tulitoka pale na maswali mawili. La kwanza ni la sumu, tutalirudia. La pili ni la historia: namna gani kazi hii ilifika kwenye mafiga ya mama? Maniema yetu inajulikana kwa kasiteriti, dhahabu na koltani. Risasi si madini ya kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Leo mtu akisema risasi, au lisasi na masasi kama vijana wanavyosema, tunafikiri kitu kinachotoka kwenye bunduki. Lakini kwanza risasi ni jina la madini: ile nzito, laini, ya kijivu. Neno limetoka kwa Kiarabu, likapita pwani, likapanda na misafara mpaka hapa. Madini yenyewe ilipita njia ileile. Watu wa pwani waliita kile kinachoruka kwa jina la madini iliyokifanya, na sisi tukapokea vyote viwili pamoja, bila kuulizwa.

Njia ilikuwa ndefu. Kutoka Zanzibar mpaka Kasongo ni zaidi ya kilomita 1.300 ukipima kama ndege anavyoruka, na hakuna aliyeruka. Watu walitembea: Bagamoyo, Unyanyembe ambako leo ni Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika kwa mitumbwi, halafu Kabambare, halafu Kasongo na Nyangwe juu ya Lualaba. Nguo, shanga, baruti na risasi vilikuja juu ya mabega. Pembe za ndovu zilirudi juu ya mabega, na mara nyingi mwenye bega naye alikuwa anaenda kuuzwa. Livingstone alikaa Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kwa miezi mingi kati ya 1869 na 1871, miguu imejaa vidonda, akingoja njia. Halafu akafika Nyangwe, na tarehe 15 Julai 1871 akaona kwa macho yake watu wa misafara wakipiga bunduki katikati ya soko. Wengi waliokufa walikuwa bamama waliokuja kuuza samaki na mihogo, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Waarabu wenyewe walihesabu kati ya 330 na 400. Hatuwezi kuandika juu ya bunduki za zamani kama vile ni mapambo ya ukutani.

Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed el-Murjebi akaifanya Kasongo kuwa makao yake. Sisi wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Wengine wanasema jina ni la macho yake yaliyopepesa, wengine ni la sauti ya bunduki zake. Bibi zetu walisimulia hasa watu wa bunduki waliotangulia mbele yake na waliofuata nyuma, Batambatamba, na tukikataa kulala walitutisha nao.

Bunduki zile nyingi zilikuwa za kupakia kwa mdomo. Unamimina baruti ndani ya mtutu, unaweka risasi ya mviringo imezungushiwa kitambaa, unashindilia na mdeki. Za kwanza ziliwashwa na jiwe, njo zile gumegume. Nyingine zilitumia fataki. Mpiganaji mmoja hakuhitaji kiwanda kumfanyia risasi. Alihitaji kipande cha madini, moto na kalibu.

Hapa tusimame kidogo, sababu jibu la swali letu liko hapa. Risasi inayeyuka kwa digri 327 tu. Moto wa makala wa kawaida, ule unaoivisha maharagi, unatosha. Shaba inataka digri 1.085, chuma inataka zaidi: unahitaji tanuru, mivukuto, mhunzi na wasaidizi wake, na mwiko wake pia. Kwa hiyo shaba na chuma vilibaki kwa wahunzi, nje ya kijiji, lakini risasi iliweza kuingia nyumbani. Mtu aliyeyusha kipande, akaondoa takataka iliyoelea juu, akamimina ndani ya kalibu ya pande mbili, akangoja kidogo, akafungua. Kijipande kilichobaki shingoni akakikata na kisu na kukirudisha ndani ya sufuria. Hakuna kilichopotea. Jioni moja mtu alipata za kutosha kwa mwezi mzima wa kuwinda, au kwa siku moja ya vita.

Na neno kalibu nalo lina habari. Ni lilelile la Kiarabu, maana yake chombo cha kusubia. Wazungu walilipokea upande wao na wakalifanya «calibre». Kila muwindaji wa hapa anasema «kalibre 12» bila kufikiri. Hesabu yake ni ya zamani za risasi za mviringo: ratili moja ya risasi ukiigawa mara 12 sawasawa, kila kimoja kinapata gramu 38 hivi, na mtutu unaokipokea ndio kalibre 12. Kumbe tulikuwa na neno hilo kabla ya kulisoma kwa Kifaransa.

Misafara ilipochelewa, watu walitafuta kingine. Kule Bunkeya, kwa Msiri, Wayeke walifanya risasi za shaba ya Katanga, sababu shaba walikuwa nayo na risasi ilikuwa mbali. Vipande vya chuma viliingia mtutuni pia. Hivi vinaharibu mtutu na haviendi sawa, lakini mtu mwenye njaa ya risasi hachagui.

Halafu ikaja mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels, tarehe 2 Julai wakaweka sahihi mkataba dhidi ya biashara ya watumwa, na ndani yake wakakataza silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Nia iliyoandikwa ilikuwa nzuri. Lakini waliacha mlango: bunduki za jiwe, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea chini ya masharti. Ile ya nyuma ikabaki ya mwenyeji, ile ya mbele ikabaki ya serikali. Tunavyoona sisi, bunduki ya muwindaji wa leo ni mjukuu wa ule mlango.

Tofauti ilionekana haraka. Mwaka 1892 vita vikaanza kati ya Dola ya Kongo na Waarabu wa Maniema. Askari wa Dhanis walikuwa na bunduki za Albini, zinazopakiwa kwa nyuma na kartushi iliyofanywa kiwandani, tena na mzinga wa Krupp. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikuwa na watu wengi sana, na wengi wao walishindilia kwa mdeki. Tusisahau pia kwamba pande zote mbili walikufa watu wa hapa: watu wa Ngongo Lutete, aliyeacha Waarabu akaenda kwa Dhanis, nao walibeba bunduki za kupakia kwa mdomo. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, Kabambare Januari 1894. Ngongo Lutete mwenyewe alipigwa risasi Septemba 1893 kwa amri ya maofisa aliowasaidia.

Kartushi ya Albini haifanywi jikoni. Aliyekuwa na njia ya kuileta alikuwa na nchi. Ile ya kupakia kwa mdomo ikabaki kwa muwindaji, na vizazi vikapita. Wahunzi wetu wakajifunza kufanya mtutu kwa bomba la chuma, na ile bunduki ya kienyeji watu wanaiita pupu. Kwa wafadhili wetu tuseme wazi: shirika halishughuliki na silaha, na sheria ipo, ya uwindaji ya 28 Mei 1982 na ya silaha ya 3 Septemba 1985, mwenye bunduki anatakiwa awe na kibali. Lakini sisi tunaoingia nyumba kwa nyumba tunajua kwamba nguruwe wa pori hangoji kibali kabla ya kumaliza shamba la mihogo.

Vita vya 1996 na 1998 viliwatawanya wengi wenu. Wengine walilala porini, wengine walivuka ziwa mpaka Lugufu na Nyarugusu. Kambini hakuna kuwinda wala bunduki, na watoto waliokulia kule hawakuona baba akimimina risasi. Waliporudi, wazee wakaanza tena, lakini risasi ya leo haiji na msafara. Inatoka ndani ya batri za motokari zilizokufa. Njo hapo mambo yamegeuka mabaya zaidi kuliko zamani, maana ndani ya batri kuna asidi na unga wa risasi, na unga huo unashika mikono, nguo na udongo wa uwanja ambako watoto wanatambaa.

Mwili wa mtoto unapokea risasi iliyoingia tumboni mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Anapungukiwa damu, tumbo linamuuma, anakuwa mzito wa kusoma, na ikizidi anapata degedege. Ni rahisi kusema ni malaria, au amelogwa. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, sababu ya risasi ya batri iliyobaki ndani ya mchanga wa kwao. Kule hakukuwa na bunduki hata moja katika habari hiyo.

Katika mkutano wetu mzee mmoja muwindaji alikataa kabisa. Alisema baba yake alipika risasi kwenye mafiga yaleyale na yeye amefika miaka sabini. Tulimjibu kwamba baba yake hakuwa na batri, na kwamba waliozikwa wadogo hawakuja kwenye mkutano kutoa ushuhuda. Tulijuta kidogo kusema hivyo, lakini bamama walinyamaza wote, halafu mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole.

Tulikubaliana hivi. Batri haipasuliwi tena nyumbani. Sufuria iliyopikiwa risasi inatobolewa kwenye mkono ili ijulikane, na hairudi jikoni, hata ikisuguliwa namna gani. Anayeyeyusha aende mbali na nyumba, watoto wasikaribie, na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kipimo cha damu cha risasi sisi hatuna. Tunawaomba wafadhili watusaidie kupata njia ya kupima kwanza watoto wa nyumba tulizoandika.

Yule mzee alikuja ofisini siku ya tatu, akaleta kalibu ya baba yake, pande mbili za chuma zenye kutu. Alisema si zawadi, ni ya kuweka tu. Tumeiandikia karatasi ya mapokezi.

Sufuria ya yule mama sasa iko kwa mumewe, nyuma ya choo, imetobolewa matundu mawili ya msumari. Mama alichukua ingine kwenye depo yetu na akatia kidole kwa daftari.