Maradhi sugu ya ini yanavyoficha hitilafu za tezi ya shingo

WANAOUGUA maradhi sugu ya ini huchoka. Jambo hilo limezoeleka kiasi kwamba mgonjwa akilalamika kuwa hawezi kupanda ngazi, yeye mwenyewe, jamaa zake na hata baadhi ya wahudumu wa afya hulilaumu ini moja kwa moja. Aghalabu huwa kweli. Hata hivyo, ipo tezi ndogo ya shingoni yenye umbo la kipepeo, thairoidi, ambayo huenda imelegea wakati huo huo bila kushukiwa.

Viungo hivi viwili hutegemeana. Tezi hutoa hasa homoni ya T4, ambayo ni mithili ya akiba. Ili mwili uitumie ipasavyo, sharti igeuzwe kuwa T3, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika ini. Ini pia hutengeneza protini zinazobeba homoni hizo katika damu. Kwa hivyo, ini likiharibiwa na virusi vya hepatitisi B au C, pombe, au mafuta yaliyorundikana, hadi likajaa makovu, T3 hupungua hata kama tezi yenyewe ni nzima.

Hapo ndipo penye mtego. T3 kuwa chini, peke yake, si sababu ya kumwanzishia mgonjwa tembe. Kipimo kinachotegemewa zaidi ni cha TSH, homoni ya kuiamrisha tezi ifanye kazi, pamoja na T4 ile isiyoshikamana na protini. TSH ikipanda na T4 hiyo ikashuka, tezi imelegea kweli, na tembe za levothairoksini zitahitajika. Anayezimeza bila haja hujihatarisha: moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika.

Dalili nazo hupotosha. Ngozi kavu, miguu kuvimba, hata maji kujaa tumboni, huweza kutokana na maradhi yoyote kati ya haya mawili. Kuhisi baridi kupita wenzako, kufunga choo na sauti kukwaruza huelekeza zaidi kwenye tezi.

Wanaostahili kuangaliwa kwa makini ni wenye hepatitisi C na wale ambao kinga ya mwili wao hushambulia ini, kwani kinga hiyo hiyo huweza kuigeukia tezi. Sindano za interferoni, zilizotumiwa kwa miaka mingi kabla ya tembe mpya za hepatitisi C kuanza kuidhinishwa, pia zilivuruga tezi za baadhi ya wagonjwa.

Madhara huenda upande wa pili vilevile. Propilithiourasili, dawa ya kutuliza tezi inayofanya kazi kupita kiasi, inaweza kuliua ini. Mwaka wa 2010 Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa hiyo. Kabla ya kuianza, ni busara ini lipimwe, na mkojo ukigeuka kuwa mweusi au macho yakawa manjano, mgonjwa aache kuimeza na amwone daktari siku iyo hiyo.