Wimbo Unaorudi

Miongoni mwa Wasukuma wa pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria husimuliwa hadithi ya zimwi liitwalo Shing'weng'we, lililomeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, likasaza mwanamke mmoja tu mwenye mimba aliyejificha katika rundo la pumba. Mwanamke yule akazaa mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, jina lililojengwa juu ya neno masala, maana yake akili. Mtoto alipopata fahamu aliuliza kwa nini duniani wako wawili tu, akapewa habari za zimwi. Tangu siku ile akaenda kulitafuta. Kwanza aliua panzi, akarudi nyumbani akiimba kwamba amemwua Shing'weng'we huko milimani, na mama yake afanye furaha. Mama akamjibu kuwa huyu ni panzi, wamchome wamle. Siku nyingine akaua ndege, akarudi na wimbo ule ule, akapata jibu lile lile. Kisha ikawa zamu ya paa. Hata siku moja akaliua zimwi lenyewe, akalipasua, na watu wakatoka tumboni mwake wakiwa hai, baba yake akiwa mmoja wao.

Buhongwa, iliyo kusini mwa mji wa Mwanza kando ya njia kuu iendayo Shinyanga, imo katika nchi ya hadithi hiyo. Leo Buhongwa ni sehemu ya jiji, na kijana wake aghalabu huzijua hadithi za sinema kabla ya kuzijua za bibi yake. Kwa sababu hiyo mahali hapo panafaa kuulizia swali ambalo kwa kawaida huulizwa kwingine: je, mahadhi yanayorudi mara kwa mara yana kazi gani katika kuishika hadithi isimwagike? Wajuzi wa sinema hujibu swali hilo kwa kuanzia Ujerumani. Lakini Masala Kulangwa naye ana jibu, na jibu lake ni kongwe.

Jambo la kuangaliwa katika hadithi hii ni kwamba wimbo haubadiliki hata neno. Kinachobadilika ni mzigo ulio begani mwa mwimbaji. Msimulizi hasemi kwamba miaka imepita, wala hasemi kwamba mtoto amepata nguvu. Msikilizaji husikia wimbo ule ule, akatazama ni mnyama gani aliyeletwa, na kwa kulinganisha panzi na paa akajua mwenyewe ni umri gani uliopita kati ya wimbo na wimbo. Kadhalika wimbo huo ni wa uongo kila unapoimbwa, ila mara ya mwisho. Mtoto hudai amemwua adui, na sivyo. Wasikilizaji hulijua hilo, huucheka, na huitikia pamoja naye. Na kwa kuwa wameucheka mara nyingi, siku unapokuwa wa kweli huwashtua kuliko kama ungeimbwa mara moja tu. Furaha ya mwisho imelimbikizwa kidogo kidogo ndani ya mzaha.

Haikosi msomaji wa hadithi za pwani amekwisha kumbuka ndugu wa Masala Kulangwa. Katika kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majnuni. Sultani huyo alikuwa na paka aliyekula ndama, akala mbuzi, akaendelea hata kula watu; na kila aliposhtakiwa, sultani alimtetea akisema paka ni wake na alicholiwa ni chake. Maneno hayo nayo ni kiitikio, tena kiitikio cha kiburi, na hayakukoma mpaka paka, aliyekwisha kuwa nunda mla watu, alipowaua wanawe watatu mbele ya macho yake. Ndipo mwana mdogo, ambaye baba hakumthamini, akaenda kumtafuta nunda. Akaua mnyama baada ya mnyama, tangu mbwa hata tembo, na kila mara alirudi kwa mama yake akiimba, na mama akimjibu kwa wimbo kwamba sicho alichokitafuta. Siku ya mwisho jibu la mama linageuka: sasa ndiye. Hapana haja ya kubishana nani alimwazima mwenziwe, bara au pwani, maana hata Wasotho wa kusini kabisa ya Afrika wana mtoto wao Senkatana aliyepasua zimwi lililomeza watu.

Steere hakuwa mwanamuziki wa kusifika, lakini katika dibaji ya kitabu chake aliona jambo ambalo wengi waliomfuata hawakuliona. Alisema kuwa hadithi za wenyeji huwa na kiitikio kinachoimbwa na wote, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya vipande hivyo vya nyimbo, na msimulizi huviunganisha kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Maoni hayo yanapindua dhana iliyozoeleka. Watu hudhani kwamba hadithi ndiyo mwili, na wimbo ni kanga iliyofungwa juu yake kwa pambo. Steere aliyewasikiliza Waswahili aliambua kinyume chake: wimbo ndio unaosimama, na maneno ni nyama inayoweza kunenepa au kukonda kwa kadiri ya msimulizi na usiku wenyewe.

Katika mwaka ule ule wa 1870, mwezi Juni, mjini Munich, ilichezwa kwa mara ya kwanza Die Walküre, mojawapo ya michezo minne ya kuimbwa ya Richard Wagner iliyokuja kuonyeshwa yote pamoja huko Bayreuth mwaka 1876. Wagner alimpa kila mtu, kila upanga na kila kiapo mahadhi yake mafupi, na kuyarudisha kila jambo lile lilipotajwa au hata lilipowaziwa tu. Wanafunzi wake waliyaandikia miongozo. Tofauti yake na kiitikio cha Masala Kulangwa ni kwamba mahadhi ya Wagner hubadilika umbo: hupunguzwa, hupinduliwa, hutiwa huzuni. Tena hayana maneno, kwa hiyo hayawezi kusema uongo. Ila msingi ni mmoja, yaani kumbukumbu ya sikio hutumiwa kama uzi.

Njia iliyoanzia kwa Wagner na kufika katika sinema ni fupi. Max Steiner, mzaliwa wa Vienna, aliitumia katika King Kong mwaka 1933, na baada yake ikawa desturi ya Hollywood. Walt Disney alikuwa amekwisha kuona katika Steamboat Willie ya mwaka 1928 kwamba picha zilizochorwa zina njaa ya muziki kuliko picha za watu. Uso wa mtu, hata akinyamaza, huwa na mambo elfu. Uso uliochorwa una mistari michache, na muziki hauna budi kuleta yaliyosalia. Ndiyo maana tangu Snow White ya mwaka 1937 sinema ndefu za kuchorwa zimeegemea nyimbo kama mzee anavyoegemea mkongojo.

Iliyo karibu na Usukuma kuliko zote ni The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff na kuanza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 1994. Mbuga zake zimechorwa kwa mfano wa Afrika ya Mashariki, na mipaka ya magharibi ya Serengeti karibu inagusa Ziwa Viktoria. Jiwe kubwa la ufalme ambalo huwashangaza watazamaji wa Ulaya haliwezi kumshangaza mtu wa Mwanza, ambaye ameyaona mawe yaliyopandana hivyo tangu utotoni, mengine yakiwa nyuma ya choo cha jirani. Majina nayo yana kichekesho chake. Kwa Mwingereza Pumbaa ni jina tu. Mswahili amekwisha kuambiwa tabia ya mnyama huyo kabla hajafungua kinywa.

Muziki wa sinema hiyo ulitungwa na Hans Zimmer, na sauti za Kiafrika ziliongozwa na Lebo M, mzaliwa wa Soweto. Nyimbo zilitungwa na Elton John pamoja na Tim Rice. Sehemu ya kwanza yote haina mazungumzo: jua linachomoza, mwito wa Kizulu unasikika, wanyama wanakusanyika, mtoto wa mfalme anainuliwa juu, na wimbo ndio unaosimulia. Wimbo huo huo unarudi mwisho wa sinema pale mtoto mwingine anapoinuliwa juu ya jiwe lile lile. Kwa njia hiyo mambo yote ya katikati, mauaji na kukimbia na kurejea, yamewekwa baina ya kuta mbili za wimbo mmoja. Inachekesha kidogo kwamba Serengeti inaimba Kizulu, kana kwamba ngoma ya Bujora ingefunguliwa na manju aliyetoka Durban. Lakini sikio la Marekani halikuhitaji kutofautisha, na sauti ile ilikuwa nzuri mno.

Hata hivyo uzi ulio imara zaidi haumo katika nyimbo zile zinazoimbwa na kila mtu. Umo katika mahadhi ya polepole, yenye mwendo wa wimbo wa kanisani, ambayo Zimmer aliyafunga na baba. Yanasikika Mufasa anapomwonyesha mwanawe nyota na kumwambia kuwa wafalme waliopita wanawatazama kutoka huko. Yanasikika tena bondeni, mtoto anapojaribu kumwamsha baba ambaye hataamka. Yanarudi baba anapotokea mawinguni, na kwa mara ya mwisho yanapanda kwa nguvu zake zote Simba anapolikwea jiwe katika mvua, na pale hasemi karibu neno lolote. Mtazamaji asiyejua Kiingereza hata kidogo, akiwa ameketi bandani Buhongwa, huambiwa na mahadhi hayo kwamba kinachopanda jiweni si mwana peke yake. Zimmer amepata kueleza kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mtoto, na kwamba muziki ule aliutunga kama maombolezo yake. Mwaka 1995 ulimpatia tuzo ya Oscar.

Ukilinganishwa na hayo, wimbo wa Hakuna Matata una kazi nyingine. Maneno hayo yalikwisha kuzoeleka katika nyimbo za watalii, hasa ule wa Them Mushrooms wa Mombasa wa mwaka 1982, ingawa Mtanzania kwa kawaida angesema hakuna shida. Katika sinema Simba anakua ndani ya wimbo huo: anauanza akiwa mtoto na anaumaliza akiwa na manyoya shingoni. Hapa ndipo The Lion King inapokutana na Masala Kulangwa bila kujua. Wimbo unapima umri, na wimbo ni wa uongo. Taabu ipo, nayo inamngoja kwao. Mtunzi wa kwao Buhongwa angeurudisha wimbo huo mara tatu au nne, kila mara ukipungua ukweli wake, hata usikike kwa aibu. Waongozaji wa 1994 waliuacha mapema mno.

Badala yake marafiki wawili wa Simba wanaonekana wakiimba wimbo mwingine, wa simba aliyelala, na papo hapo simba jike asiyelala anawarukia. Ni mzaha wa dakika moja, lakini nyuma yake kuna habari isiyo ya mzaha. Asili ya wimbo huo ni Mbube, ulioimbwa na Solomon Linda na wenzake Johannesburg mwaka 1939. Linda aliacha haki yake kwa malipo madogo, akafa maskini mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya kundi la The Tokens kuupeleka ulimwenguni kote kwa maneno ya Kiingereza. Binti zake walikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka 2006 wakapata mapatano ya malipo. Kwa hiyo neno kurudi lina maana ya pili: mahadhi yanaporudi, fedha nazo huenda mahali, na mara nyingi haziendi yalikotoka.

Nyimbo za hadithi za Usukuma hazikuibiwa namna hiyo, ila zilipatwa na jambo jingine. Zilipoandikwa, ziliandikwa maneno tu. Padre David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, alizithamini ngoma na kuziingiza hata kanisani; Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950; na mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma. Jembe limepata haki yake kuliko hadithi. Mwanafunzi anayeisoma habari ya Shing'weng'we kitabuni hukutana na maneno ya mtoto mara nne, yakiwa yamechapwa kwa herufi zile zile kama maneno mengine, na huyaruka macho kwa kuwa amekwisha kuyasoma. Marudio ambayo kwa sikio yalikuwa mifupa, kwa jicho yamekuwa ziada, na wahariri wa vitabu vya shule hushawishika kuyafupisha. Wakiyafupisha, panzi na ndege huanguka, na mtoto huruka kutoka pumbani hata zimwini kwa hatua moja.

Katika mabanda ya video, ambako mtafsiri husimama na kuzungumza Kiswahili juu ya sauti ya sinema ya kigeni, hutokea jambo lililo karibu na hilo. Mtafsiri hodari hufafanua maneno, hutia mizaha yake, na huwafanya watazamaji wacheke wakati mwenye sinema hakukusudia. Amekuwa msimulizi wa Steere, anayetunga nyama papo hapo. Lakini asiponyamaza wakati wa mahadhi ya baba, huifunika mifupa.

Hadithi ya Wasukuma ina sehemu moja zaidi baada ya wimbo wa mwisho. Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, kisu chake kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote walipokuwa wakishangilia, bikizee yule alimtukana na kutafuta kumloga, na ilibidi dawa itafutwe ya kumponya. Baadaye watu walimfanya kijana kuwa mtemi wao. Sinema ya mwaka 1994 haina bikizee huyo. Mvua inanyesha, nchi inachanua, na wimbo wa kwanza unarudi bila sauti hata moja ya kulalamika ndani yake.