Elimu ya Udongo na Elimu ya Watu

Mwezi Julai 1955, watu wa Matombo katika milima ya Uluguru waliikataa kazi ya matuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha kuchonga ngazi katika mashamba yao ya mteremko, ili mvua isiuchukue udongo na kuumwaga mtoni. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na haukupita muda mpango wote ukaachwa.

Udongo ulikuwa ukienda kweli, hilo halina ubishi. Lakini mabwana shamba waliyajua maji na mteremko, hawakumjua Mluguru. Ardhi ya huko ilikuwa mali ya ukoo wa upande wa mama, na mwenye kulima kipande mara nyingi hakuwa mwenye mamlaka juu yake. Tena kule kuchonga ngazi kuliufukia udongo mweusi na kuuleta juu udongo usiozaa. Mkulima aliyeyaona mahindi yake yamedhoofu alikuwa na hoja. Akaandikwa kuwa ni mkaidi. Ilikuwa 1960 ndipo Roland Young, mtaalamu wa siasa, na Henry Fosbrooke, mtaalamu wa jamii, walipotoa kitabu juu ya Waluguru na ardhi yao. Maswali yaliyostahili kutangulia jembe yalikuja nyuma ya mazishi.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata ofisi ya utafiti wa rasilimali na mipango ya ardhi, ambayo mwaka 1979 iligeuzwa kuwa taasisi kamili. Mwaka huo huo Kondoa ilipata jaribio lake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973, uliiondoa mifugo yote katika eneo la kilometa za mraba 1,256 zilizokuwa zimekatwakatwa na makorongo. Majani yakarudi, miti ikachipua. Lakini mtoto wa Mrangi akakosa maziwa, na shamba likakosa samadi. Ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini walianza kuletwa 1989 tu.

Je, nani apime mambo kama hayo? Sisi tulifundishwa jiografia na historia kwa madaftari mawili, na hayakukutana kamwe. Katika miaka ya 1990 Vyuo Vikuu vya Stockholm na Dar es Salaam viliendesha utafiti wa pamoja juu ya binadamu na ardhi katika nyanda kame za Tanzania, na wanafunzi wa shahada ya uzamivu wakafunzwa humo, wa mazingira pamoja na wa jamii. Mwaka 1995 Watanzania wawili walihitimu Stockholm kwa tasnifu juu ya Kondoa: Pius Yanda aliandika juu ya kuharibika kwa udongo katika bonde la Mwisanga, Claude Mung'ong'o juu ya mwenendo wa jamii na mazingira katika vilima vya Irangi. Wote wawili wakafundisha Dar es Salaam, katika taasisi ile ile ya 1979.