Usimbaji fiche wa kumbukumbu katika OpenStack

Usimbaji fiche wa kumbukumbu katika OpenStack ni huduma ya programu hiyo huria ya wingu inayolinda data ya mashine pepe wakati mashine hiyo inafanya kazi. Iliingizwa kwenye Nova, sehemu inayoendesha mashine pepe, katika toleo la Train la Oktoba 2019.

Kusimba diski na mawasiliano ya mtandao ni jambo la zamani. Kumbukumbu ndiyo iliyobaki wazi, na msimamizi wa seva aliweza kuisoma. Teknolojia ya SEV ya kampuni ya AMD huipa kila mashine pepe ufunguo wake wa AES, unaotunzwa ndani ya prosesa ya EPYC pasipo programu yoyote kuweza kuusoma. Hata haipavaiza, programu inayozigawia mashine pepe rasilimali za seva, huona herufi zisizosomeka.

Mteja huomba ulinzi huu kwa kuchagua aina ya mashine yenye sifa ya hw:mem_encryption. Nova huipeleka kwenye seva inayofaa tu, na huhesabu funguo zilizobaki, kwani EPYC za kizazi cha kwanza zilibeba mashine 15 pekee za namna hiyo.

Gharama yake si ndogo: toleo la Train halikuweza kuhamisha mashine hizo zikiwa zinafanya kazi, wala kuzisimamisha kwa muda. Aidha, SEV ya awali haisimbi rejista za prosesa. Kazi hiyo hufanywa na SEV-ES, toleo la SEV lililofuata.